Mzigo wa Karani na Moyo Wake



Katika ofisi zetu kuna neno lisemwalo mara nyingi kwa mzaha, nalo ni kwamba presha ni ugonjwa wa wakubwa. Mkuu wa idara akionekana amekunja uso, makarani hunong'onezana ya kuwa presha imempanda. Tarishi akisema kichwa chamwuma, huulizwa, "Wewe una presha ya nini, nawe huna gari wala deni la benki?" Watu hucheka, na kazi huendelea. Nasi tumecheka pamoja nao miaka mingi. Leo tumeonelea vema kusema katika ukurasa huu ya kuwa neno hilo si kweli, na ya kuwa kuliamini kwake kumetupatia hasara isiyolipika.

Tuanze na mwenzetu mmoja. Hatutamtaja jina, kwa kuwa jamaa zake wapo na msiba wao wawatosha. Alikuwa karani wa hesabu, mtu wa makamo, mwenye mwandiko mzuri na maneno ya upole. Kila mwaka ulipokaribia mwisho wa mwezi wa Juni, hesabu za Serikali zinapofungwa, ndiye aliyekuwa wa kwanza kufika na wa mwisho kuzima taa. Kisha karani aliyekuwa akimsaidia alihamishwa, na nafasi yake haikujazwa. Kazi ya watu wawili ikawa ya mtu mmoja, wala hakuna aliyemwuliza kama aiweza. Siku moja alikwenda zahanati kwa ajili ya homa, akapimwa, akaambiwa ya kuwa damu yake ina msukumo mkubwa kupita kiasi, akapewa vidonge. Alivimeza mwezi mmoja, akajiona mzima, akaviacha. Ofisini hakumwambia mtu, maana alichelea kuhesabiwa dhaifu na kupitwa katika kupandishwa cheo. Asubuhi moja mkono wake wa kuume ulikataa kushika kalamu. Kilikuwa ni kiharusi. Hakurudi tena mezani pake.

Wazee walisema, mficha maradhi kilio humfichua. Lakini sisi twauliza pia: ni nani aliyemfundisha mtu huyu kuyaficha?

Kwanza na tufahamiane juu ya ugonjwa wenyewe. Kila moyo upigapo, huisukuma damu katika mishipa, na damu hiyo hukaza kuta za mishipa kama maji yakazavyo mpira wa kumwagilia bustani. Mkazo huo ndio shinikizo la damu, ambalo wengi wetu twaliita presha. Hupimwa kwa namba mbili. Namba ya juu ni nguvu ya damu wakati moyo unapojikaza. Namba ya chini ni nguvu yake wakati moyo unapopumzika kati ya pigo na pigo. Kipimo cha kufungwa mkononi kilibuniwa na Scipione Riva-Rocci wa Italia mwaka 1896, na mwaka 1905 Nikolai Korotkoff wa Urusi akaonyesha jinsi ya kusikiliza mlio wa damu mkononi ili namba zote mbili zipatikane. Mtu mzima akipimwa siku mbalimbali, na kila mara akaonekana ana 140 au zaidi katika namba ya juu, au 90 au zaidi katika namba ya chini, huyo huhesabiwa ana shinikizo kubwa la damu.

Ubaya wa ugonjwa huu ni ukimya wake. Jino likioza huuma, na malaria ikiingia mtu hutetemeka. Bali shinikizo kubwa laweza kukaa mwilini miaka kumi bila kubisha hodi, huku likiuchosha moyo, likiharibu figo, na kuidhoofisha mishipa ya ubongo. Mwaka 2021 Shirika la Afya Ulimwenguni lilitangaza ya kuwa watu zaidi ya bilioni 1.2 wenye umri wa miaka 30 hadi 79 walikuwa nalo, na karibu nusu yao hawakujua. Basi asiyepimwa na asiseme hanalo, aseme hajui.

Sasa turudi kwenye lile neno la ugonjwa wa wakubwa. Hata katika nchi za Ulaya watu wengi waliamini zamani ya kuwa moyo hupasuka kwa uzito wa madaraka, na kwamba mwenye mzigo mkubwa wa amri ndiye mwenye hatari kubwa. Jambo hili lilijaribiwa kwa kipimo, na waliopimwa hawakuwa wachimba migodi wala wapagazi. Walikuwa watumishi wa Serikali, watu wa kalamu kama sisi.

Mwaka 1967 madaktari walianza kuwachunguza watumishi wa Serikali ya Uingereza katika mji wa London, na uchunguzi huo ukaitwa Whitehall, kwa jina la mtaa wenye ofisi kuu za Serikali. Walipimwa wanaume wapatao 18,000. Wote walikuwa na kazi na mshahara, wote walifanya kazi katika mji mmoja, na nchi yao ilikuwa na matibabu ya Serikali kwa kila mtu. Mwaka 1978 Michael Marmot, Geoffrey Rose na wenzao walitoa habari ya yale yaliyoonekana. Katika muda wa miaka saba na nusu, watu wa daraja la chini kabisa, yaani matarishi na wenzao, walikuwa wamekufa kwa ugonjwa wa moyo mara 3.6 kuliko wakuu wa daraja la juu. Wala haikuwa kwamba walio chini kabisa tu ndio walioumia. Kila daraja lilizidiwa na lililo juu yake, kama ngazi. Makarani walikufa kuliko wasimamizi wao, na pungufu ya matarishi wao.

Pengine msomaji atasema, "Matarishi wale walivuta sigara mno." Ni kweli, walivuta kuliko wakubwa wao, na sigara huua. Lakini wachunguzi walipoihesabu sigara, na shinikizo la damu, na mafuta yaliyomo katika damu, na mambo mengine kama hayo, na kuyatoa katika hesabu, tofauti kubwa ilibaki palepale. Palikuwa na kitu kingine katika daraja la chini ambacho hakikuonekana katika mizani ya daktari.

Kwa hiyo uchunguzi wa pili ulianzishwa mwaka 1985, wa watumishi 10,308, wanaume na wanawake, wa idara 20 za Serikali mjini London. Safari hii waliulizwa habari za kazi yenyewe: Je, waweza kuamua uanze na lipi na umalize na lipi? Je, wasikilizwa kazi inapopangwa? Je, wapata msaada ukilemewa? Majibu yakawekwa, na miaka ikapita. Wale waliokuwa na usemi mdogo juu ya kazi yao walipatwa na ugonjwa wa moyo kuliko wenye usemi mkubwa. Na ili pasisemwe ya kuwa hayo ni manung'uniko ya watu wenye hasira, kazi hizo zilipimwa pia na watu wengine wasiokuwa wenye kuzifanya, na jawabu likaelekea upande ule ule.

Hapo ndipo tunapoliona kosa la mzaha wetu. Mkubwa ana kazi nyingi, hatukatai. Lakini akichoka, asema, "Jambo hili tutaliangalia kesho," na kesho huja. Karani akichoka, kesho yake si mali yake. Robert Karasek wa Marekani aliandika mwaka 1979 ya kuwa kinachomwumiza mfanya kazi hasa ni kuungana kwa mambo mawili: kudaiwa mengi na kuamua machache. Na Johannes Siegrist wa Ujerumani aliongeza mwaka 1996 jambo la tatu, nalo ni juhudi isiyorudishiwa chochote, si mshahara, si cheo, si shukrani. Msomaji na apime mwenyewe kama maneno hayo yalihitaji kutoka mbali hivyo ili tuyatambue.

Je, dhiki ya mezani yawezaje kufika kwenye mishipa? Mtu akimwona nyoka majanini, mara ile mwili humwaga katika damu dawa yake mwenyewe iitwayo adrenalini. Moyo hukimbia, mishipa ya sehemu nyingi hujibana, damu hupanda, na miguu hupata nguvu ya kuruka. Nyoka akiisha kwenda zake, vyote hurudi mahali pake. Huo ni ulinzi, wala si ugonjwa. Lakini neno la kufedhehesha lililosemwa mbele ya watu halikimbiwi wala halipigwi kwa fimbo. Karani hukaa nalo kitini. Hati ya haraka isiyojulikana itakuja saa ngapi, simu ya mkononi iliayo usiku kutoka kwa msimamizi, barua ya uhamisho ingojwayo miezi sita: hizo zote ni nyoka asiyeondoka. Na mwili usiopata nafasi ya kurudi mahali pake huzoea kukaa juu.

Kati ya habari za watumishi wale wa London, iliyotugusa zaidi ni hii. Walipopimwa wakati wa kazi, shinikizo la wakubwa na la wadogo lilikuwa karibu sawa. Waliporudi nyumbani, la wakubwa lilishuka sana, bali la wadogo lilishuka kidogo. Maana yake, mkubwa aliiacha ofisi ofisini, na mdogo aliibeba mpaka mlangoni pa nyumba yake. Tena kwa upande wa wanawake, uchunguzi ule ule ulionyesha ya kuwa wale wasio na usemi nyumbani nao walipatwa na ugonjwa wa moyo zaidi. Dada zetu makarani, ambao wakitoka kazini huingia katika kazi ya pili ya jikoni na ya kulea, watalifahamu jambo hili upesi kuliko sisi.

Asiseme mtu ya kuwa hayo ni ya Waingereza, na damu ya Mwafrika ni nyingine. Mwaka 1929 daktari mmoja, Donnison, aliyefanya kazi Kavirondo ya Kusini katika nchi ya Kenya, aliandika ya kuwa wenyeji aliowapima hawakuwa na desturi ya kupandwa na shinikizo kadiri walivyozeeka, kama ilivyokuwa kwa watu wa Ulaya. Basi twaweza kusema hatukuzaliwa nalo. Kisha mwaka 1990 Neil Poulter na wenzake walitoa habari ya Wajaluo waliotoka vijijini mwao magharibi ya Kenya wakahamia Nairobi. Walilinganishwa na ndugu zao waliobaki shambani, na haukupita muda mrefu shinikizo lao likaanza kuwa juu ya lile la waliobaki. Mapigo ya moyo yao yalikuwa ya haraka zaidi, na chumvi katika chakula chao ilikuwa imezidi. Damu yao ilikuwa ile ile. Maisha ndiyo yaliyobadilika.

Walakini haki yatutaka tuseme ukweli wote, hata ule usiotupendeza. Dhiki ya kazi si sababu ya pekee, wala si kubwa kuliko zote. Mwaka 2012 Mika Kivimäki na wenzake waliunganisha uchunguzi mwingi wa nchi za Ulaya, wa watu karibu 200,000, wakaona ya kuwa wenye dhiki ya kazi walikuwa na hatari ya ugonjwa wa moyo iliyozidi ya wengine kwa asilimia 23. Hatari hiyo ni ya kweli, lakini sigara yaishinda kwa mbali. Na kiti chetu nacho kina hatia. Jerry Morris alionyesha mwaka 1953 ya kuwa makondakta wa mabasi ya ghorofa ya London, wapandao na kushuka ngazi siku nzima, walipatwa na ugonjwa wa moyo pungufu ya madereva wakaao. Na wapeleka barua kwa miguu pungufu ya makarani wa posta. Basi karani avutaye sigara, alaye chumvi nyingi, anywaye pombe ili kuisahau siku yake, na asiyetembea hata hatua mia, asimtupie msimamizi wake lawama yote.

Lakini nasi twajua jinsi mambo haya yanavyofuatana. Aliyekaa ofisini hata usiku hapati nafasi ya kutembea. Aliyekosa usingizi hutafuta sigara. Asiyepata saa ya chakula hula chochote kilichokaangwa kando ya njia. Na saa zenyewe zina hesabu yake. Mwaka 2021 Shirika la Afya Ulimwenguni pamoja na Shirika la Kazi Duniani yalitangaza ya kuwa kufanya kazi saa 55 au zaidi kwa juma huzidisha hatari ya kiharusi kwa asilimia 35, na ya kufa kwa ugonjwa wa moyo kwa asilimia 17, kuliko kufanya kazi saa 35 hadi 40. Mashirika hayo yalikadiria ya kuwa mwaka 2016 watu 745,000 walikufa kwa sababu hiyo. Karani ajisifuye ya kuwa hajachukua likizo miaka minne na ayasome maneno haya mara mbili.

Basi yatupasa nini? Twaona wajibu wa namna tatu.

Wa kwanza ni wa kila mmoja wetu. Kapime. Kaa kwanza dakika tano kwa utulivu, mgongo umeegemea, mkono umelazwa juu ya meza sawa na moyo, bila kuvuta sigara wala kunywa kahawa muda mfupi kabla. Upimwe zaidi ya mara moja, na zaidi ya siku moja. Chumvi na isizidi gramu 5 kwa siku, yaani kijiko kimoja kidogo cha chai kwa vyakula vyote. Tembea kwa haraka angalau dakika 150 kwa juma. Karani akishuka kituo kimoja kabla ya kwake atazipata bila gharama. Na ukipewa vidonge, usiviache kwa sababu wajiona mzima. Kujiona mzima si dalili ya kuwa shinikizo limekwisha; ukitaka kuvipunguza, mwulize aliyekupa. Wala usiseme, "Ni mawazo tu, yataisha." Yawezekana mawazo yakaisha, na shinikizo likabaki.

Wa pili ni wa chama chetu. Tangu makarani Waafrika walipounda chama chao mjini Tanga mwaka 1922, Martin Kayamba akiwa kiongozi, vyama vya namna hii vimezoea kudai mshahara na cheo. Madai hayo ni ya haki, lakini hayatoshi. Twapendekeza wajumbe wetu wapeleke kwa wakuu wa idara maneno manne yasiyohitaji fedha nyingi. Nafasi ya mtu ikiwa tupu, kazi yake igawanywe kwa maandishi, isimwangukie aliye karibu. Kazi ya haraka itangazwe mapema kwa kadiri iwezekanavyo, na mwenye kuifanya aulizwe ataweka nini kando. Likizo ya mtu iwe likizo, na simu ya usiku iwe kwa jambo lisilongoja. Na mtu aliyeambiwa na daktari ya kuwa ana shinikizo asipunguziwe heshima wala nafasi ya kupanda cheo. Wakuu wetu wakisema ya kuwa hayo yatachelewesha kazi, tuwajibu kwa adabu ya kuwa kiharusi huichelewesha zaidi.

Wajibu wa tatu ndio mgumu, nao twauandika kwa aibu. Tumesema sana habari za walio juu yetu. Je, walio chini yetu? Ngazi ile ya Whitehall haikuishia kwa karani. Chini yake alisimama tarishi, na ndiye aliyekufa zaidi. Ni nani amtumaye tarishi mara tatu katika jua kwa karatasi tatu ambazo zingalichukuliwa mara moja? Ni nani amwitaye kwa kidole mzee mwenye wajukuu? Ni nani amwachaye mfagizi asimame mlangoni saa nzima akingoja sahihi ya dakika moja? Si mkuu wa idara. Ni sisi. Mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi, na usufi huo tumewatwika wengine miaka mingi bila kuuinua kwanza tukajua uzito wake.

Mwenzetu yule wa hesabu aliacha katika mtoto wa meza yake karatasi ya vidonge, nusu imeliwa na nusu haijaguswa. Tulioifungua meza ile tulikuwa watu watatu, na kila mmoja wetu alikuwa amewahi kumpelekea kazi ya ziada mwezi ule wa Juni. Hatukumchukia hata siku moja. Tulimwona aweza, tukamwongezea.

Kwa hiyo, ndugu zetu, juma hili, kabla ya kupeleka faili lingine juu ya meza ya mtu, mwulizeni kwanza mezani pake pana nini. Kisha kapimeni, na mwendapo, mchukueni na tarishi.

Sisi wenu, Wahariri.